Mto Kiwira ukijaa, mpango ni wa nani?

Kyela haiwezi kuzungumzia mafuriko kama wilaya nyingine zinavyoyazungumzia. Imelala kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ufuko wake ukiwa chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na juu yake tu Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000 huku Safu ya Livingstone ikisimama wima upande wa mashariki. Mvua inayonyesha Tukuyu, mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, haina pengine pa kwenda ila kushuka: kwa Kiwira, kwa Mbaka, kwa Lufilyo, na upande wa magharibi kwa Songwe, mto ambao ndio mpaka wetu na Malawi. Maji hayo ndiyo yaliyoiumba Kyela. Ndiyo yaliyoleta udongo unaootesha mchele ambao jina lake limekuwa kubwa mno, kiasi kwamba Dar es Salaam hata mchele usiowahi kuiona Kyela huuzwa kwa jina hilo. Na ni maji hayo hayo ambayo kila baada ya muda huingia majumbani, hubomoa vyoo, hukata barabara na kuwafungia watoto nyumbani. Aprili 2024, mwezi ambao Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, zilizochochewa na El Niño, zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri wengine zaidi ya 200,000, Kyela nayo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofurika.

Ugumu wenyewe ni kwamba huku maji yanayoua ndiyo yanayolisha. Mkulima wa mpunga wa bondeni hutaka mto upande kidogo, uache tope na unyevu shambani. Maji yakiingia Februari na kutoka, ni baraka. Yakija mwishoni mwa Aprili, mpunga ukiwa umeshabeba masuke, huulaza chini na kuuozesha, na mwaka mzima wa familia umekwenda. Kati ya baraka na balaa kuna wiki chache tu, au kimo cha shubiri mbili kwenye nguzo ya daraja. Mhandisi aliyeko Dodoma anaweza kupima mtiririko wa mto kwa mita za ujazo, lakini hajui ni shubiri ya ngapi inayomfanya mkulima wa Katumba Songwe aanze kuhamisha mbegu. Ndiyo maana nasema mkazi wa bonde asisubiri kuletewa tahadhari na magodoro. Awemo miongoni mwa wanaoamua maji yakifika wapi hali itangazwe kuwa janga, watu waelekee wapi, na kipi kiokolewe kwanza. Mpango uliotungwa bila majibu yake utakuwa mzuri kwenye faili na bubu usiku unapohitajika.

Kisheria mlango umefunguliwa siku nyingi. Mwaka 1990 nchi ilikuwa na sheria ambayo shabaha yake hasa ilikuwa kuratibu misaada baada ya maafa kutokea. Leo tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, nayo inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 nayo inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa chombo cha juu cha kijiji. Ibara ya 146 ya Katiba inataja lengo la serikali za mitaa kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Tahadhari hutoka juu, hupitia kwa ofisa mtendaji wa kata, humfikia mwenyekiti wa kijiji, husomwa na kubandikwa ubaoni. Wananchi huelimishwa na huhamasishwa. Wanapoitwa ili washiriki, mara nyingi huwa ni kuchimba mtaro au kuchangia mifuko ya saruji, kwa uamuzi ambao ulishafanywa. Kamati ya kijiji ipo, lakini kazi inayopewa ni kuhesabu nyumba zilizoanguka. Huo ni ukarani, na ni ukarani wa baada ya msiba.

Hata tahadhari yenyewe ingefaidika na sauti ya chini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, imepiga hatua kubwa. Siku hizi hutoa angalizo linalotaja athari zinazoweza kutokea na si milimita za mvua peke yake, na kwa baadhi ya wilaya imeanza kutoa utabiri wa maeneo madogo. Hata hivyo angalizo la siku tano likitaja Mkoa wa Mbeya, limetaja Chunya yenye ukame na Kyela yenye matope kwa pumzi moja. Tena mafuriko ya Kyela huweza kuja jua likiwaka. Kinachotakiwa kujulikana Itungi, ufukoni mwa Kyela, ni kile kilichonyesha huko juu, Tukuyu na Busokelo, jana usiku, na watu wa kwanza kukijua ni waliolala Tukuyu na Busokelo. Msumbiji ililitambua hilo mapema. Kwenye bonde la mto Búzi, katikati ya miaka ya 2000, wanavijiji walipewa vyombo vya kupimia mvua na vipimo vya mto vilivyopakwa rangi, kila rangi na maana yake. Aliyeona maji yamefika kwenye rangi ya hatari huko juu aliita kwa redio ya upepo, na wa chini wakapandisha bendera na kuzunguka na vipaza sauti. Kimbunga Favio kilipopiga Februari 2007, mfumo huo ulifanya kazi. Vyombo vyake havikuwa vya ajabu. Nguvu yake ilikuwa kwamba waliosoma vipimo na waliopaswa kukimbia walikuwa watu wa bonde moja, na walishakubaliana kila rangi inamtaka nani afanye nini. Sisi tuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, ambayo makao yake yako Tukuyu penyewe, na tuna jumuiya za watumia maji zinazotambuliwa na sheria ya mwaka 2009. Mtu wa Rungwe na mtu wa Kyela wanasemezana kwa lugha moja ya nyumbani na wana ndugu pande zote mbili. Simu tayari zinapigwa. Kinachokosekana ni mpango unaozitambua.

Atakayesema kwamba elimu ya mkulima haina nafasi kwenye sayansi ya hali ya hewa, atakuwa anabishana na TMA yenyewe. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a, ambaye leo ndiye anayeiongoza mamlaka hiyo, pamoja na Profesa Pius Yanda na mwenzao mwingine, walichapisha utafiti uliofanyika wilaya za Rungwe na Kilolo kuhusu namna wakulima wanavyobashiri msimu. Walikuta watu wakisoma uchanuaji wa miti kama mihemi na mikwe kati ya Julai na Novemba, na wakimsikiliza ndege dudumizi, na wakaona kuna haja ya kuunganisha elimu hiyo na utabiri wa kitaalamu. Sitaki kuitia chumvi hoja hii. Mti hautakwambia mto utavuka daraja saa ngapi, na hali ya hewa inavyobadilika, baadhi ya dalili za wazee zitapotea shabaha. Lakini utabiri wa kitaalamu nao una mipaka yake, na mwenye kuujua mpaka huo mahali alipo ni yule aliyewahi kupokea angalizo mvua isinyeshe, na akaletewa mafuriko siku ambayo redio haikusema neno. Kumbukumbu hizo ni data. Zikusanywe kijiji kwa kijiji na kuandikwa kwenye ramani, wataalamu wazipime.

Kuna jambo jingine ambalo mwambao wa ziwa hauhitaji kufundishwa: anayefika kwanza kwenye ajali ni jirani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alipongezwa kitaifa na Serikali ikaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni heshima aliyoistahili. Ila swali lililobaki ni kubwa kuliko mtu mmoja: kama wavuvi ndio waokoaji halisi, kwa nini siku moja kabla hawakuwamo kwenye mpango wa dharura wa uwanja uliojengwa ukingoni mwa ziwa? Swali hilo linaihusu Itungi moja kwa moja. Hapa ndipo meli za Ziwa Nyasa zilipozoea kuanzia safari za kwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay, ingawa mchanga unaoletwa na maji umeisumbua bandari kwa miaka na bandari ya Kiwira imechukua sehemu kubwa ya kazi. Ikitokea ajali majini, au bonde likajaa hata gari lisipite, chombo kitakachofika ni mtumbwi wa mvuvi. Basi mpango wa wilaya unapaswa kujua nani ana mtumbwi wenye mashine, mafuta yatatoka wapi, nani atamlipa akikosa samaki wa siku hiyo kwa kubeba wagonjwa, na maboya ya kuokolea yatunzwe wapi ili yasifungiwe stoo ambayo mwenye ufunguo amesafiri. Hayo huwezi kuyaandika bila kukaa na wavuvi, na ukikaa nao watakutajia mengine ambayo hukuyafikiria, kama vile upepo wa kusini unaanza lini na unafunga mwalo upi.

Maji yakishatoka huja kipindupindu, na hapo mpango wa wataalamu peke yao hukwama kwenye shimo la choo. Sehemu kubwa ya tambarare ya Kyela maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa ardhi. Ukichimba choo kirefu unakutana na maji. Ukichimba kifupi, mafuriko ya kwanza yanakifumua na yaliyokuwamo yanaelea hadi kisimani. Kampeni inayosema kila kaya iwe na choo bora, na mgambo wa kutoza faini nyuma yake, haijajibu lolote kwa mama ambaye choo chake cha tatu kimezama. Kuinua choo juu ya tuta, kujenga cha kuchangia kaya kadhaa kwenye kiinuko, au kukubaliana kwamba visima fulani vifungwe kuanzia Machi: hayo huamuliwa na wanaochota maji, na wanaochota ni wanawake, ambao kwenye kamati nyingi huwekwa wawili watatu ili kutimiza idadi. Na hatari yenyewe haijali kituo cha mpakani cha Kasumulu. Mwaka 2022 na 2023 Malawi ilipatwa na mlipuko mkubwa kuliko yote katika historia yake, zaidi ya wagonjwa 58,000 na vifo zaidi ya 1,700, na kati ya Karonga na Kyela watu huvuka kila siku kwa soko, harusi na matanga.

Jinsi jambo la namna hii linavyoweza kuharibika, waliotuonyesha ni jirani zetu wa Kivu Kaskazini. Ebola iliyozuka huko Agosti 2018 na kutangazwa kwisha Juni 2020 ilikuta chanjo ipo, fedha zipo, wataalamu wamejaa. Pamoja na hayo iliua zaidi ya watu 2,200, na vituo vya tiba vilishambuliwa Katwa na Butembo. Watu wa Beni walikuwa wakiuliza swali la haki: wanachinjwa na waasi tangu mwaka 2014 bila dunia kushtuka, surua na malaria zinaua watoto wao, iweje magari meupe yaje kwa ugonjwa mmoja tu? Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa hoja ya Ebola, wengi waliona shaka yao imethibitika. Hali ilianza kulegea pale maoni ya mitaani yalipokusanywa na kujibiwa, mazishi yakafanywa kwa namna ambayo familia inaweza kuikubali, na vijana wa mtaa wakapewa kazi iliyokuwa ikifanywa na wageni. Huwezi kuwaambia watu nini ni janga lao bila kuwauliza, kisha ukashangaa hawakufungulii mlango.

Pingamizi linalosikika zaidi kwenye ofisi zetu ni kwamba watu wa mabondeni ni wakaidi: huambiwa wahame, hawahami. Mfano unaotolewa ni Jangwani, Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini humo, familia za bonde la Msimbazi zilipelekwa Mabwepande, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka mjini. Baadhi walirudi bondeni. Ukaidi? Riziki yao ilikuwa Kariakoo, na nauli ya kwenda na kurudi ingeimaliza. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa kipimo cha maji na mbovu kwa kipimo cha chakula. Linganisha na yaliyofuata. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mifereji, vichochoro na nyumba za mitaa inayofurika, vitu ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote rasmi. Mwaka 2018 mpango wa bonde la Msimbazi ulitengenezwa kupitia mfululizo wa vikao vya usanifu vilivyowaweka pamoja wahandisi, viongozi wa mitaa na wakazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200. Malalamiko ya fidia hayakukosekana, na wala sidai kwamba vikao huondoa uchungu wa kuhama. Ninachodai ni kidogo: mtu aliyehusika kuuchora mpango hubishana na bei, na aliyeletewa mpango hubishana na mpango mzima.

La pili ni kwamba dharura haitaki mkutano. Kweli kabisa. Saa nane za usiku mto ukiwa mlangoni anatakiwa mtu mmoja wa kutoa amri, na amri itiiwe. Lakini amri hiyo hutiiwa inapotegemea mambo yaliyokubaliwa Septemba, wakati ardhi imekauka na watu wana nafasi: kwamba kengele ya shule ikigongwa hivi ni kuhama, kwamba ng'ombe wanapitia njia ile, kwamba kimbilio ni shule iliyo kwenye kiinuko na si ile iliyo karibu ambayo nayo huzama. Bangladesh ilijifunza kwa gharama ya kutisha. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 imejenga jeshi la wanavijiji wa kujitolea ambao leo ni makumi ya maelfu, karibu nusu yao wanawake, na vimbunga vikubwa vya miaka ya karibuni vimeua makumi ya watu badala ya malaki. Serikali kule haikuacha kutoa amri. Ilipata wa kuipokea.

Pingamizi la tatu ndilo linalonikosesha raha, kwa sababu lina ukweli mwingi. Kamati za kijiji hutekwa. Wajumbe huteuliwa kwa urafiki na chama, vikao havikai pasipo posho, na orodha ya waathirika, siku magodoro na unga vinapofika, hupata majina ya watu ambao nyumba zao ziko mlimani. Anayeujua mchezo huo anaweza kusema kwamba kuipa kamati madaraka zaidi ni kuwapa wachache nafasi zaidi ya kula. Na kuna hatari ya upande wa pili pia: serikali kuu inaweza kufurahia sana ushirikishwaji wa wananchi kama njia ya kuwatupia mzigo, tuta wajenge wao, mafuta ya mtumbwi wanunue wao, na mto ukibomoa tuta walaumiwe wao. Jibu langu ni kwamba madaraka yakae kwenye mkutano mkuu, kamati iwe mtumishi wake. Orodha za kaya zilizo hatarini ziandikwe kabla ya mvua na zisomwe hadharani, majirani wakisikia. Kadirio la nini kijiji kitafanya kwa mikono yake na nini halmashauri italipa liandikwe kwenye muhtasari, lisainiwe, na mkutano unaofuata uulize. Wizi hautaisha kwa hilo, ila kudanganya mbele ya watu mia mbili wanaoijua nyumba yako ni kugumu kuliko kudanganya kwenye fomu.

Songwe nao hauko chini ya mamlaka ya kijiji chochote. Mto huo umekuwa ukihama mkondo, na kwa kuwa ndio mpaka, shamba linaweza kulala Tanzania na kuamkia ng'ambo. Mwaka 2017 nchi mbili zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde lake, ofisi zake zikawekwa Kyela, na kwenye mipango yake mna mabwawa ya kuzalisha umeme na kutuliza mto. Mabwawa hutuliza mafuriko. Pia huzuia lile tope ambalo mpunga unalitegemea. Ni maji kiasi gani yaachiwe yashuke, na mwezi gani, ni swali la uhandisi na ni swali la chakula, na wakulima wa kingo zote mbili wanapaswa kuwamo linapojibiwa.

Kalenda nayo ina lake. Bunge la bajeti huanza Aprili, wakati Kyela iko ndani ya maji na viongozi wake wanahangaikia mahema. Makadirio ya halmashauri yanakuwa yameshafungwa wiki nyingi nyuma. Ombi linalozaliwa na mafuriko ya mwaka huu, kwa hiyo, husikika kama ombi la msaada na si kama kifungu cha bajeti. Mkutano mkuu wa kijiji unaoitishwa Septemba au Oktoba ukiwa na ajenda ya alama ya mto, kimbilio, mitumbwi na vyoo, na muhtasari wake ukafika kwa ofisa mtendaji wa kata kabla ya Novemba, utaikuta meza ya mipango ya wilaya ikiwa bado haijafungwa.